Ini Likiugua, Akili ya Mtoto Ipimwe Pia

Na Tabibu Msaidizi wa zahanati ya kijiji, Wilaya ya Same

Mtoto mwenye ugonjwa wa ini akiletwa zahanati, twajua mambo ya kutazama. Tunatazama macho kama yana rangi ya njano. Tunapapasa tumbo kama ini au bandama imevimba. Tunamwuliza mama kama mtoto ametapika damu, au kama choo chake ni cheusi. Maswali hayo yote ni ya lazima. Lakini kuna swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi: Je, mtoto huyu anaendeleaje darasani?

Maoni yangu ni kwamba swali hilo ni sehemu ya matibabu. Kila mtoto anayejulikana kuwa na ugonjwa wa ini apimwe namna anavyofikiri na kukumbuka kila anapokuja kliniki, hata kama anaonekana mzima na anacheza na wenzake. Kipimo hicho hakitaki mashine wala umeme. Kinataka karatasi, kalamu, saa na dakika kumi. Mimi sina shahada. Nina cheti cha utabibu na kazi yangu ni ya zahanati. Lakini jambo hili linawezekana hata huku kwetu milimani, na nitaeleza kwa nini na kwa namna gani.

INI LINAHUSIANAJE NA UBONGO?

Chakula kinapomeng'enywa tumboni, virutubisho vyake huingia katika damu. Damu hiyo haiendi moja kwa moja mwilini. Kwanza hupita katika ini. Ini huchukua kinachofaa na kuondoa sumu. Mojawapo ya sumu hizo huitwa amonia. Amonia hutokea utumboni, hasa vijidudu vya utumbo vinapovunjavunja mabaki ya chakula cha kujenga mwili. Ini zima huigeuza amonia kuwa yurea, nayo yurea hutoka kwa mkojo. Hivyo ubongo hubaki salama.

Sasa fikiria ndiva zetu za Upare. Maji hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa yapite katika mfereji hadi shambani. Mfereji ukizibwa na matope na mawe, maji hayakai kimya. Hutafuta njia ya pembeni na kumwagika pasipotakiwa. Damu nayo ni hivyo hivyo. Ini likijaa makovu, au mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni ukiziba, damu hutafuta vichochoro. Hupita pembeni ya ini bila kusafishwa, ikaufikia ubongo pamoja na sumu yake.

Sumu ikiwa nyingi, kila mtu ataona. Mtoto huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, mikono hutetemeka, na mwisho hupoteza fahamu. Lakini kabla ya kufika huko ipo hatua ya kwanza, nayo ni ya siri. Mtoto anatembea, anasalimia, anakula. Kilichopungua ni wepesi wa kufikiri, uangalifu na kumbukumbu. Alikuwa akimaliza hesabu kumi, sasa anamaliza nne. Hati yake ilikuwa nzuri, sasa inapanda na kushuka. Daktari akimwangalia tu hataona kitu. Hatua hii huonekana kwa kupima.

SI MANENO YA KUBUNI

Madaktari wa India, katika mji wa Lucknow, waliwapima watoto ambao mshipa wa kuleta damu kwenye ini ulikuwa umeziba. Watoto hao walionekana wazima, na ini lenyewe kwa wengi wao halikuwa limeharibika sana. Hata hivyo, walipopewa vipimo vya kufikiri, si wachache waliokutwa na upungufu. Katika nchi za Ulaya na Marekani nako imeonekana kwamba watoto waliougua ini tangu uchanga, hata wale waliopandikizwa ini jipya, huhitaji msaada wa ziada shuleni mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine.

Hapa kwetu Tanzania, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulihusu watoto wa shule wenye kichocho. Wale wenye kichocho kizito walikuwa na kumbukumbu hafifu ya muda mfupi na walichelewa kujibu. Ule haukuwa utafiti wa ini. Lakini unatufundisha jambo moja kubwa: ugonjwa unaokaa tumboni au kwenye kibofu waweza kuonekana kwanza katika daftari la shule.

NI WATOTO GANI WANAOHUSIKA?

Msomaji atauliza: je, watoto wa kwetu wanaugua ini? Ndiyo, na sababu ni zaidi ya moja.

Kwanza ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama katika ini na kuacha makovu. Wenzetu wa visiwa vya Ukerewe wanaujua ugonjwa huu kwa uchungu, kwani huko wapo watu wanaotapika damu kwa sababu yake. Mahali popote penye maji yaliyotulia, penye konokono wa kichocho, na penye watu wanaojisaidia majini au kando ya maji, ugonjwa huu waweza kuingia. Wanaolima mpunga tambarare na watoto wanaooga katika mifereji wakumbuke hilo. Nisieleweke vibaya: si kila mtoto mwenye kichocho ana tatizo la ubongo. Wengi hupona wakipewa dawa mapema. Wa kuangaliwa sana ni yule ambaye bandama yake imekuwa kubwa au aliyewahi kutapika damu.

Pili ni homa ya ini aina ya B. Mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Katika watoto wachanga wanaoambukizwa, wapatao 9 kati ya 10 hubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu. Kwa kawaida hawaonyeshi dalili wakiwa wadogo, lakini ini huweza kuharibika polepole.

Tatu ni kuziba kwa njia za nyongo tangu uchanga. Mtoto huyu hubaki na macho ya njano baada ya wiki mbili za kuzaliwa, na choo chake huwa cheupe kama udongo mweupe. Hapa hakuna kungoja. Daktari Morio Kasai wa Japani aligundua upasuaji wa kuwasaidia watoto hawa katika miaka ya 1950, na upasuaji huo hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Nchi ya Taiwan tangu mwaka 2004 imewapa akina mama wote kadi yenye picha za rangi za choo, ili mama mwenyewe alinganishe na kuwahi hospitali. Jambo rahisi kabisa, lakini limeokoa watoto.

Nne ni kuziba kwa mshipa wa ini, ambako kwaweza kuanzia kwenye kitovu cha mtoto mchanga kilichoingia vijidudu. Ndiyo maana tunasisitiza kitovu kiwe safi na kikavu, kisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

MTOTO MVIVU AU MTOTO MGONJWA?

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tumchukulie mtoto wa darasa la tano, mwenye bandama kubwa, anayehudhuria kliniki. Mwaka jana alikuwa wa saba katika darasa lake. Mwaka huu ni wa arobaini. Mwalimu anasema, "Amekuwa mzembe." Baba anasema, "Anacheza mno." Jirani anasema, "Amerogwa." Mtoto mwenyewe hawezi kujitetea, kwa sababu hajui kilichompata. Anajaribu, anashindwa, anachapwa, anaona aibu. Mwisho anaacha shule, anakwenda kuchunga au kubeba tangawizi sokoni.

Hasara hapo ni mbili. Ya kwanza ni ya elimu: mtoto amepoteza masomo yake kwa kosa lisilo lake. Ya pili ni ya uhai: dalili ya kwanza ilikuwa imejitokeza, ikasomwa vibaya. Mtoto mwenye ini gonjwa ambaye akili yake imeanza kuchelewa yuko karibu zaidi na hatari kubwa. Kufunga choo, kuhara sana, homa ya maambukizo, kutokwa damu tumboni au kupewa dawa ya usingizi kwaweza kumsukuma hadi kupoteza fahamu. Tukijua mapema, tunaweza kumkinga.

Kwa hiyo fimbo haiwezi kumsaidia. Damu iliyokosa kusafishwa haisafishwi na kiboko.

JINSI YA KUMPIMA

Vipimo hivi hutumika hospitali kubwa kwa sura mbalimbali. Nimeviandika kwa namna inayofaa zahanati na shule.

1. Mwulize mzazi kuhusu usingizi. Je, mtoto anasinzia mchana na kukesha usiku? Je, tabia imebadilika, amekuwa na hasira au mpole kupita kawaida?

2. Mwambie mtoto aandike jina lake na sentensi moja. Andika tarehe na uhifadhi karatasi hiyo. Mwezi ujao aandike tena. Weka karatasi hizo pamoja, uzitazame. Hati inayoharibika mwezi hadi mwezi ni shahidi mzuri.

3. Chora nyota kwa vijiti vya kiberiti. Mwambie mtoto aijenge nyota kama hiyo pembeni. Mtoto aliyekuwa akiweza, sasa hawezi, aangaliwe.

4. Andika tarakimu 1 hadi 25 zikiwa zimetawanyika kwenye karatasi. Mtoto aziunganishe kwa mstari kwa kufuata hesabu, moja hadi mbili, mbili hadi tatu, mpaka mwisho. Kwa mtoto mdogo tumia 1 hadi 10. Tazama saa na uandike sekunde alizotumia. Kila mara badilisha mpango wa tarakimu, asije akaukariri.

5. Mwambie ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hesabu. Hapa naomba tuwe waangalifu: mtoto anayezungumza Chasu nyumbani aruhusiwe kutaja kwa Chasu. Tunapima wepesi wa akili, hatupimi Kiswahili.

6. Anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele kama anayesimamisha gari, vidole vimetanuliwa. Viganja vikianguka na kuinuka kama mbawa za ndege, hiyo si hatua ya siri tena. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo hivi havina alama ya kufaulu wala kufeli. Viwango vya hospitali za Ulaya vilitokana na watu wa Ulaya, tena wengi wao watu wazima. Havifai kumhukumu mtoto wa Chome au Vudee. Njia bora ni mbili. Mlinganishe mtoto na wenzake wawili au watatu wazima wa rika lake na darasa lake. Halafu, na hili ndilo kubwa zaidi, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Akizidi kuchelewa, mwandikie rufaa.

Tukumbuke pia kwamba mtoto anaweza kuchelewa kwa sababu nyingine: macho mabovu, masikio yasiyosikia, njaa, upungufu wa damu, malaria, upungufu wa madini joto, au huzuni ya nyumbani. Kwa hiyo kipimo hakisemi, "Huu ni ugonjwa wa ubongo kutokana na ini." Kinasema tu, "Hapa pana jambo, litafutwe." Hiyo inatosha kuanzia.

WATAKAOPINGA

Najua wapo watakaopinga, na hoja zao ni za haki kusikilizwa.

Wa kwanza watasema: zahanati ina wagonjwa wengi, dakika kumi zitatoka wapi? Jibu langu ni kwamba watoto wenye ugonjwa wa ini unaojulikana si wengi katika kijiji kimoja. Hatusemi wapimwe watoto wote. Tena kazi hii yaweza kugawanywa. Mwalimu anaweza kutunza karatasi za hati, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuuliza habari za usingizi nyumbani.

Wa pili watasema: kuna faida gani kugundua tatizo tusiloweza kulitibu huku milimani? Hoja hii ni nzito. Kutoka vijiji vya juu hadi Same mjini ni safari, na kutoka Same hadi Hospitali ya KCMC kule Moshi ni kilomita kama mia moja zaidi. Nauli si mchezo kwa mkulima. Lakini tiba ipo. Kuna dawa ya maji iitwayo laktulozi, ambayo hulainisha choo na kupunguza amonia. Hutolewa kwa kipimo cha daktari, si ya kujinunulia. Tena yapo mambo yasiyohitaji kwenda Moshi: kuzuia mtoto asifunge choo, kutibu homa mapema, kutompa dawa za usingizi, kutompa dawa za mitishamba zisizojulikana, na kutozidisha kipimo cha panado. Na lipo jambo lisilo na gharama hata senti moja: kuacha kumchapa, na kumpa muda zaidi wa kumaliza kazi yake.

Wa tatu watasema: ukimpima mtoto akili, watu watamwita kichaa. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa sababu hiyo tusiseme mbele za watu, "Njoo upimwe akili." Tuseme, "Njoo uandike na kuhesabu kidogo." Majibu yawe siri ya mzazi, tabibu na mwalimu. Wala huu si ukichaa. Mara nyingi hali hii hupungua ini au mzunguko wa damu ukitibiwa.

KUHUSU CHAKULA

Zamani wagonjwa wa ini walikatazwa maharage, maziwa, mayai na nyama, kwa kuwa amonia hutokana na vyakula vya namna hiyo. Wapo wazazi wanaoendelea na mwiko huo. Leo madaktari wanashauri vingine. Mtoto anakua, na akinyimwa chakula cha kujenga mwili, misuli yake huisha. Misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Kwa hiyo usimnyime mtoto maharage, kunde wala maziwa isipokuwa daktari ameagiza. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na mpe chochote kabla ya kulala ili asikae na njaa usiku kucha.

Lakini mahindi yenye ukungu usimpe, wala usile wewe. Sumukuvu iliyomo huharibu ini. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu hapa nchini, mikoa ya Dodoma na Manyara. Kausha mahindi vizuri, usiyaanike juu ya udongo mtupu, na yaliyooza yatupwe. Wala yasitengenezewe pombe.

TUANZE VIPI?

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi wakisikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuwa madaktari. Lakini walichimba vyoo, walifyeka vichaka, na walisafisha visima. Walithibitisha kwamba mambo mengi ya afya huanza kwa watu wa kawaida kuyajua na kuamua.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika daftari la kila mtoto mwenye ugonjwa wa ini tuongeze mstari mmoja: "Darasani anaendeleaje?" Mstari huo usiachwe wazi. Pili, Kamati ya Afya na Kamati ya Shule zikutane na kukubaliana jinsi mwalimu atakavyomjulisha tabibu mtoto anaposhuka ghafla katika masomo, kabla ya kumwita mvivu. Tatu, wazazi wahakikishe kadi za chanjo zimekamilika. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imekuwamo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2002, na hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ini lisiloharibika halihitaji kupimiwa ubongo.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kliniki ni hizi: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa, usingizi mzito usioamshika, na homa kwa mtoto mwenye maji tumboni.

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako yuko mtoto wa namna hii. Yuko nyuma ya darasa, tumbo limetokeza kidogo chini ya shati la shule, macho yako dirishani. Usimcheke. Mwulize jana usiku alilala saa ngapi, kisha mpeleke kwa tabibu na daftari lake la shule mkononi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ini likiharibika mtoto anaweza kushindwa masomo?
2. Mtoto akishuka ghafla darasani, huku kwetu tunafanya nini kwanza? Je, ni sawa?
3. Ni maji gani katika kijiji chetu yanayoweza kuwa na konokono wa kichocho, na vyoo vya karibu viko wapi?
4. Nani katika kijiji chetu atatunza karatasi za watoto wanaofuatiliwa?